Hosi za trimu zinazovuja: namna ya kuzibadilisha zisivuje tena

Msimu wa kusi unapoingia na boti kupandishwa nchi kavu, kuanzia Mtwapa hadi Tudor, swali linalonijia ni lile lile: "Nimekaza nati, nimejaza mafuta, baada ya siku tatu mguu unashuka wenyewe na maji yanang'aa mafuta. Nimekosea wapi?"

Trimu ni mfumo wa mafuta unaopandisha na kushusha mguu, ile sehemu ya nje nyuma ya boti inayobeba rafadha. Wengi wamekosea mahali pamoja. Wamekaza kitu kilichotakiwa kubadilishwa. Kichwa cha hosi kikishaliwa na chumvi, spana haikirudishii chuma chake. Inakibana zaidi dhidi ya nyuzi zilizochoka, na siku kitakapokatika kitakatika ndani ya kigawanyo, kifaa kinachogawa mafuta kwa hosi, ambacho bei yake na hosi moja havikaribiani.

Maelezo haya yanafuata stendraivu (injini ndani ya boti, mguu nje) za kampuni ya MerCruiser, aina za Alpha One na Bravo, kwa sababu ndizo ninazozishika mara nyingi. Volvo Penta zina mpangilio wao, ila hatari na kanuni za usafi ni zile zile. Mashini za kufunga nje ya boti hazihusiki hapa.

## Mafuta yanapita wapi

Pampu ya trimu imekaa ndani ya boti, huko tezi (nyuma), karibu na ngama, pale chini maji yanapotuama. Kwenye pampu zinatoka hosi mbili ndefu: moja ya kupandisha mguu, moja ya kushusha. Zinapenya ukuta wa nyuma wa boti hadi kwenye kigawanyo, kile kipande kidogo kilichofungwa chini ya nyumba inayoushika mguu. Kutoka hapo zinatoka hosi fupi nne, mbili kwa kila silinda: moja ya mbele, moja ya nyuma.

Hosi fupi ndizo zinazovuja zaidi. Zinaishi majini, zinakunjwa kila mguu unapopanda, kushuka na kupinda, na vichwa vyake havikauki. Zile ndefu zikivuja upande wa nje, nafasi ya kuzifikia ni finyu mno na mafundi wengi huutoa mguu kwanza. Kama shida yako iko huko, soma hatua ya kwanza uthibitishe, kisha mwite fundi.

## Tayarisha hivi kwanza

Usifungue nati hata moja kabla vitu hivi havijawa mbele yako:

- Hosi fupi nne mpya, si moja. Zimezeeka pamoja, kwa hiyo ukibadilisha moja utarudi kwa nyingine kabla ya kaskazi kwisha.
- Oringi (pete za mpira za kuzibia) mpya za vichwa ambavyo hosi zako zinazitumia.
- Mafuta ya trimu yaliyoandikwa kwenye kitabu cha injini, angalau lita mbili. MerCruiser wenyewe wanaruhusu mafuta ya injini ya SAE 10W-30 au 10W-40 katika pampu hizi pale mafuta maalumu yanapokosekana. Mafuta ya breki usiyatie kamwe, yanaharibu mipira ya ndani.
- Spana ya paipu za breki, ile yenye mdomo unaoikumbatia nati karibu pande zote, pamoja na soketi ndefu za pembe sita.
- Mafuta ya kulegeza kutu, brashi ya waya, matambara safi mengi, na ndoo.
- Vifuniko au vizibo safi vya plastiki vya kuziba kila tundu utakalolifungua.
- Taepu za rangi nne tofauti, simu ya kupigia picha, kipande cha katoni, miwani ya kukinga macho na glavu.
- Mbao nene au vitalu vya kuinulia boti, kama trela yako iko chini.

Ukikosa hosi za kiwandani, mafundi wa hosi za malori na mafoklifti upande wa Shimanzi na Changamwe wanaweza kukutengenezea. Nenda na ile ya zamani kama mfano na uwape masharti matatu: vichwa viwe vya stenlesi ya 316, hosi iwe imeandikwa uwezo wa kufanyia kazi usiopungua psi 3,000 (psi ni kipimo cha msukumo), na urefu uwe ule ule. Ikizidi urefu itasuguana na mguu. Ikipungua itavutwa mguu ukipinda. Mwambie fundi aipulize kwa hewa baada ya kuikata, kwa sababu ukataji huacha chembe za mpira na waya ndani, na chembe moja ikifika kwenye vali ya pampu, mguu hautakaa juu tena.

Vichwa vya chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ya fedha, hata ukiuziwa nusu bei, viache dukani.

## Hatua ya 1: Hakikisha ni hosi kweli

Osha sehemu yote ya nyuma kwa maji baridi na sabuni, ikaushe kabisa kwa tambara. Ukiwa na grisi na matope huwezi kujua mafuta yametoka wapi, kwa maana yanatambaa chini na kudondoka mbali na chanzo chake.

Bonyeza kitufe cha kupandisha, pumzisha, kisha shusha. Rudia mara tatu. Pitisha kipande cha katoni polepole karibu na kila hosi na kila kichwa. Doa litakuonyesha mahali.

Usitumie kidole. Upande wa kupandisha, msukumo wa mafuta hupita psi 2,000. Tundu dogo kama la sindano linaweza kupenyeza mafuta chini ya ngozi. Jeraha litaonekana kama mchomo tu, bila maumivu makubwa mwanzoni, huku nyama ya ndani ikiharibika. Likikutokea, nenda hospitali saa hiyo hiyo na uwaambie kwamba ni mafuta ya haidroliki. Usingoje uvimbe.

Katoni ikishika doa, soma hivi:

Mafuta yakitoka kwenye mwili wa hosi au pale mpira unapokutana na chuma, ni hosi. Yakitoka kwenye nati, huenda ni oringi, huenda ni kichwa kilicholiwa, utajua ukifungua. Yakitoka pale fimbo inayong'aa inapoingia kwenye silinda, hiyo ni sili ya silinda, mpira unaozuia mafuta yasitoke, na hosi mpya haitasaidia.

Mguu ukishuka wenyewe usiku bila tone lolote nje, mafuta yanarudi ndani kwa ndani, kwenye vali ya pampu au ndani ya silinda. Hapa ndipo nimeona fedha nyingi zikipotea. Mtu ananunua hosi nne, anazifunga vizuri, na mguu unaendelea kushuka kwa sababu hosi hazikuwa na kosa.

Angalia pia aina ya mafuta. Ya gia ni mazito na yana harufu kali. Ya trimu ni mepesi. Mafuta mazito chini ya mguu ni habari nyingine kabisa, na isingoje.

## Hatua ya 2: Boti nchi kavu, mguu chini, umeme umekatwa

Kuna wanaolaza boti mchangani maji yakipwa wakidhani muda utatosha. Siku za bamvua maji ya Mombasa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na kutoka kujaa hadi kupwa una muda wa saa sita na dakika chache, nusu yake ukisubiri mahali pakauke. Nati iliyoganda haifuati majira ya maji. Nilinaswa hivyo huko Tudor: hosi mbili zimetoka, ya tatu imegoma, maji yamefika magotini. Chumvi iliingia kwenye silinda, nikalazimika kuiosha kwa mafuta safi mara tatu kabla haijakubali. Tangu siku hiyo sifungui hosi ya trimu bila trela au vitalu.

Inua boti kiasi cha kuuwezesha mguu kushuka kabisa bila kugusa ardhi, kisha ushushe hadi mwisho. Mguu ukiwa chini, fimbo zimerudi ndani ya silinda, msukumo umepungua, na hakuna uzito unaongoja kuanguka. Ukifungua hosi mguu ukiwa juu, utashuka kwa kishindo, na chochote kilicho chini yake kitasagwa, mkono ukiwamo.

Tenganisha betri, waya wa hasi kwanza. Fungua kifuniko cha tangi la pampu polepole ili pumzi itoke, kisha ukirudishe bila kukikaza.

Mafanikio ya hatua hii ni haya: ukiusukuma mguu kwa mkono, umetulia chini kabisa, na ukibonyeza kitufe cha trimu hakuna kinachoita.

## Hatua ya 3: Alama na picha

Piga picha kila upande. Funga taepu ya rangi moja kwenye hosi, na rangi hiyo hiyo mahali inapoingia kwenye silinda na kwenye kigawanyo. Hosi ya mbele ikibadilishana na ya nyuma, silinda moja itasukuma wakati nyingine inavuta, na kitu kitavunjika. Dakika kumi za taepu zinatosha kukuepusha na hilo.

## Hatua ya 4: Kufungua nati zilizoganda

Hatua hii ndiyo inayowashinda wengi, basi ipe siku nzima.

Jioni iliyotangulia, sugua kila nati kwa brashi ya waya, nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu, acha hadi asubuhi, unyunyizie tena. Usitumie moto. Pana mpira, pana mafuta, na ndani ya boti huenda mvuke wa petroli umetuama ngamani.

Pindisha usukani upande mmoja hadi mwisho upate nafasi upande wa pili. Anza kwenye silinda ambako unaona vizuri, uzoeshe mkono, ndipo uende kwenye kigawanyo.

Tumia spana ya paipu za breki. Spana ya kawaida ya mdomo wazi inashika pembe mbili tu, na nati laini inakuwa duara mara moja. Msukumo wa kwanza uwe wa kukaza kidogo sana, kama unaigutua, kisha legeza. Ule mlio mdogo wa "tak" ndio unaoutafuta.

Nati ikigoma, au ikizunguka pamoja na hosi, kata hosi. Inakwenda kutupwa, usiionee huruma. Ikate karibu na kichwa, weka ndoo chini, vika soketi ndefu ya pembe sita juu ya nati, uifungue kwa nguvu iliyonyooka. Huwa naulizwa, "Ami, si nitakuwa nimeharibu hosi?" Hosi imeshaharibika. Unachokilinda ni nyuzi za kigawanyo.

Kila nati ikitoka, ziba tundu papo hapo kwa kizibo safi. Mchanga wa Bamburi ni mzuri kwa miguu, kwa vali ni sumu.

Sasa chunguza nyuzi kwa tochi. Zikiwa na ncha kali na umbo zima, endelea. Zikiwa zimelala, au chuma kinabanduka kama ganda, kigawanyo kinabadilishwa. Gundi, taepu na nati "ya kulazimisha" havitazuia psi 2,000.

Mafuta yaliyotoka yatazame kwenye chombo cheupe. Yakiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia. Basi usijazie juu yake: toa mafuta yote ya tangi, na uoshe mfumo kwa mafuta mapya kabla ya kujaza ya mwisho.

## Hatua ya 5: Kufunga hosi mpya

Safisha makao ya kila kichwa kwa tambara lisilotoa nyuzi. Toa oringi ya zamani kwa kitu laini. Mara nyingi inabaki ndani imebanwa ikionekana kama sehemu ya chuma, na oringi mbili zikikutana, hosi mpya itavuja siku ya kwanza.

Paka oringi mpya mafuta ya trimu. Anza kila nati kwa vidole na uizungushe mizunguko mitatu au zaidi bila spana. Ikigoma kwa vidole imeingia kombo: itoe, uanze upya. Anzisha nati zote nne za upande mmoja kabla ya kukaza yoyote, ili hosi zipate kujipanga.

Usizungushie taepu nyeupe ya mafundi bomba. Kinachoziba hapa ni oringi au makao ya kichwa, si nyuzi. Taepu hiyo inakatika vipande, vipande vinasafiri hadi kwenye vali, nawe unapata ule ugonjwa wa mguu kushuka usiku uliodhani umeuponya.

Shika hosi kwa mkono mmoja unapokaza, isijisokote. Maandishi yaliyo ubavuni mwa hosi ndiyo kipimo chako: yakizunguka kama kamba, legeza uinyooshe. Hosi iliyosokotwa inapasuka mapema, na msukumo unaifanya ijaribu kujifungua yenyewe.

Kaza mpaka nati itulie imara, kwa kipimo cha kitabu cha injini yako. Kama huna spana ya kipimo, azima. Nguvu ya bega si kipimo.

Kabla ya kutia mafuta, pindisha usukani kulia mpaka mwisho na kushoto mpaka mwisho, ukitazama. Hakuna hosi itakayovutwa, kubanwa, wala kugusa mpira mkubwa wenye mikunjo unaozuia maji yasiingie ndani ya boti. Na ukiwa hapo, kagua mpira huo wenyewe. Ukipasuka, boti inazama.

## Hatua ya 6: Kujaza na kutoa hewa

Mguu ukiwa chini kabisa, jaza tangi hadi alama ya juu. Rudisha betri. Hakikisha hakuna mtu wala mtoto nyuma ya boti.

Pandisha kwa sekunde chache, acha. Kiwango kitashuka haraka kwa sababu silinda na hosi zilikuwa tupu. Jaza kabla pampu haijanyonya hewa. Endelea hivyo mpaka mguu ufike juu, kisha ushushe. Rudia kati ya mara 6 na 10. Mfumo huu unajitolea hewa wenyewe kwa mwendo huo. Pumzisha mota kati ya safari, maana haikutengenezwa kufanya kazi mfululizo, na ikichemka itaungua.

Mwanzoni pampu italia kwa kukwaruza na mguu utapanda kwa kurukaruka. Hiyo ni hewa. Ukifika mwendo wa sita hivi, sauti inakuwa moja na mguu unapanda kama unaoinuliwa na mkono mmoja. Soma kiwango mguu ukiwa chini tu. Ukikisoma mguu ukiwa juu utajaza kupita kiasi, na mafuta yatamwagika ngamani.

## Hatua ya 7: Jaribio la usiku mmoja

Kausha kila kichwa. Pandisha hadi mwisho, shikilia kitufe sekunde moja zaidi ili msukumo ufike kilele, achia. Pitisha katoni tena. Iwe kavu.

Kisha uache mguu juu usiku kucha, mahali ambapo hakuna anayepita chini yake, na ubandike kipande cha taepu kwenye kila fimbo pale inapotoka kwenye silinda. Asubuhi pima. Taepu ikiwa pale pale na chini ni pakavu, kazi imekubali. Fimbo zikiwa zimerudi ndani na nje ni pakavu, rudi kwenye yale niliyosema kuhusu vali na silinda. Fimbo zimerudi na pana tone: fuata tone, ukiangalia kwanza oringi ya kichwa hicho, ndipo ufikirie kukaza.

Taepu zitoe kabla hujashusha mguu.

## Mafuta ya zamani na matunzo ya baadaye

Mafuta uliyoyatoa yatie kwenye dumu lenye kifuniko uyapeleke gereji inayokusanya mafuta machafu. Mikoko ya Tudor na Mtwapa ndiyo malezi ya samaki tunaowavua, na nje ya Nyali na Bamburi kuna hifadhi ya bahari iliyotengwa tangu 1986. Ndoo moja ya mafuta inatandaa mbali kuliko unavyodhani.

Baada ya kila safari, osha mguu na vichwa vya hosi kwa maji baridi. Vipake grisi ya majini kila miezi michache. Kagua vipande vya zinki. Vikibaki nusu, badilisha, kwa sababu zinki ikiisha chumvi inahamia kwenye vichwa vyako. Na boti ikilala majini, uache mguu chini. Fimbo zikibaki nje, magamba ya bahari yanaganda juu yake, na siku utakapozirudisha ndani yatachana sili kama msasa.

Safari ya kwanza iwe fupi, ndani ya mkono wa bahari, kabla hujatoka mlangoni. Pandisha na kushusha mara chache ukiwa na mwendo, zima injini, utazame maji nyuma kama yanang'aa. Ukirudi, shusha mguu kabisa, funua ngama, usome kiwango cha tangi. Kikiwa pale pale ulipokiacha, funga ngama.